Mbu wa Iskandar

Jumatatu, 4 Machi

Chai imepoa mbele ya macho yangu leo, sijaigusa. Hasira!

Wameniletea kitabu cha Daktari. Siyo daktari wa hospitali, ni daktari wa historia, na atakwambia hivyo kabla hujamuuliza. Kakusanya misemo mia moja ya watu kumhusu Iskandar Mkuu: waliompenda, waliomchukia, na waliokuja kumsema miaka elfu mbili baadaye wakiwa wamekaa salama kwenye viti vyao. Kitakuwa kitabu cha zawadi mashuleni. Kazi yangu ni ileile ya miaka ishirini na miwili. Kila msemo — nani kasema, umeandikwa wapi — nauona kwa macho yangu, ndipo nagonga muhuri wangu wa wino wa zambarau. Bila huo muhuri hakichapwi kitu hapa kiwandani. Wananiita Sindano. Waniite tu.

Sitini ya kwanza, safi. Yule mzee aliyeambiwa na Iskandar aombe chochote, akaomba asogee asimzibie jua — upo. Yule haramia aliyemwambia kuwa wote wawili ni wanyang'anyi, wanachotofautiana ni ukubwa wa meli — upo. Huo nimeusoma mara mbili kwa raha zangu.

Kisha nikafika wa sitini na moja. "Iskandar alitia dunia mfukoni, mbu akamlaza kitandani." Chini yake: Mwanahekima wa kale.

Mwanahekima gani? Kale ipi? Hana jina huyo, mama yake hakumpa? Na mbu katokea wapi? Kilichomuua Iskandar hakuna anayekijua kwa hakika. Wengine homa, wengine sumu, wengine pombe. Huyu mwenzetu kamwona mbu!

Nikampigia Daktari. Akasema huo ni msemo maarufu, kila mtu anaujua. Nikamwambia kila mtu siyo chanzo. Akacheka. Alicheka, na akaniita "mama mdogo", mtu aliyenizidi miaka kumi.

Jumanne, 5 Machi

Ni kweli kila mtu anaujua, na hilo ndilo linalonichoma.

Umebandikwa kwenye zahanati ya mtaani kwetu, juu ya picha ya chandarua. Mkuu wa chuo kimoja kamalizia nao hotuba ya mahafali. Asubuhi nikamjaribu mshona viatu anayekaa nje ya geti letu. Nikaanza, "Iskandar alitia dunia..." Akaumalizia na sindano yake mdomoni. Kaupata wapi? Shuleni, anasema, darasa la sita.

Kwa hiyo mtu mmoja, mahali fulani, alikaa kitako akatunga uongo, akauvika joho la kale, na watoto wa watu wameukariri. Na mtu huyo analala vizuri. Nitamtafuta mpaka nimpate, wallahi.

Jumatano, 6 Machi

Nimempata.

Kitabu cha darasa la sita ni chetu. Chetu! Kilichapwa hapahapa, miaka kumi na tisa iliyopita. Ukurasa wa arobaini na nane, kwenye kisanduku chini, mbu wetu huyo. Nikachukua ufunguo wa stoo, nikavuta mswada wa mwandishi, nikakohoa vumbi nusu saa. Kwenye mswada haumo. Maana yake umeingizwa humu ndani, wakati wa kupanga kurasa. Na aliyepanga kurasa ni Kobe.

Kobe! Miaka ishirini na saba hapa, hajawahi kuharakisha wala kukosea. Ukurasa ukibaki na nafasi chini, mpanga kurasa huweka kijazio, yaani msemo au kitendawili cha kuziba pengo. Vijazio tunaviweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati lake. Sheria ni mbili tu. Haiingii koponi karatasi isiyo na muhuri wangu. Na kijazio kikishatumika, karatasi yake inabanwa kwenye faili la kazi, ili kesho mtu akiuliza tuwe na jibu. Nimepekua kopo, haumo. Nimepekua faili la kitabu, nimekuta tundu mbili za pini ya stepla na karatasi hakuna.

Nikamfuata mezani. Nikamuuliza, tena kwa adabu, huu msemo kautoa wapi. Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shati. Akaivaa.

"Tafuta vizuri, dada," akasema. Akarudi kwenye kazi yake.

Kiburi gani hicho! Mimi, nitafute vizuri! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Nimemwandikia Bosi barua ya kurasa mbili na nakala nimebandika kwenye faili. Sijafuta hata neno moja.

Ijumaa, 8 Machi

Barua yangu imemkuta Bosi vibaya. Juzi mwalimu mmoja mstaafu kaandika gazetini akiuliza mwanahekima huyo wa kale ni nani, maana kamtafuta miaka mitatu hajamwona. Bosi kasoma gazeti na barua yangu kwa pamoja. Akatuita.

Kobe alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Bosi akamuuliza kama msemo aliuweka yeye. Akasema aliuweka yeye. Aliutoa wapi? Kimya. Ulikuwa na muhuri? Kimya. Bosi akasema anampa wiki moja. Ijumaa ijayo saa tatu atoe maelezo, la sivyo afungashe.

Afungashe? Mimi niliandika nikitaka ukweli. Sikusema mtu afukuzwe! Bado miaka miwili astaafu. Mkewe namjua, ndiye aliyekaa na mama jikoni siku tatu tulipomzika baba, akaosha sufuria za watu wote.

Lakini si aseme basi! Nani kamfunga mdomo? Aliyedanganya watoto wa nchi nzima ni mimi?

Mchana nilikula peke yangu. Watu wa mashine walihamia meza nyingine, eti kuna feni. Feni yenyewe haizunguki.

Jumapili, 10 Machi

Nilikwenda kwa mama. Ningejua nisingekwenda. Hapana, ningekwenda. Sijui.

Mama ana miaka sabini na tisa na ulimi wa miaka ishirini. Alikuwa anakunja nguo, mimi nampasia na huku nikimwaga yangu yote: Daktari, Kobe, muhuri, kiburi. Nikafika kwenye msemo wenyewe. "Iskandar alitia dunia mfukoni..."

"Mbu akamlaza kitandani," akamalizia.

Nikamwambia ndiyo, mama, hata mshona viatu anaujua.

"Mshona viatu kaupata kwa nani? Hayo maneno yangu."

Nikacheka. Akaweka nguo chini. Akaniambia niache kucheka kama mjinga, alimwambia baba yangu maneno hayo, baba akiwa amelala pale, na mimi nikiwa nimekaa palee na makaratasi yangu mapajani. Nikamwambia mama, umeusikia redioni ukadhani ni wako, inatokea. Ndiyo nikamtia hasira sasa. Akanishika mkono kama mtoto anayepelekwa kuoga, akanipeleka chumbani, akavuta droo ya baba. Soksi zake bado zimo. Wembe wake. Akazisogeza soksi pembeni.

Mama hutandika droo zake zote kwa karatasi za kalenda. Anazibandika kwa gundi ya unga, hazibanduki mpaka kiama. Chini ya soksi za baba kuna karatasi ya kalenda yetu ya ukutani, ile ya kuchana kila siku. Tarehe tisa Septemba. Karatasi ya majaribio, kabla ya kuchapwa. Iskandar, dunia, mbu. Mwanahekima wa kale. Na pembeni, muhuri wangu. Herufi zangu mbili. Wino wa zambarau.

Nilikaa kitandani.

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeyaweka mahali ambapo sipiti. Baba alikuwa dereva wa malori makubwa, mtu wa sauti, nyumba nzima ilikuwa inasimama akikohoa. Malaria ikamlaza. Nilikuwa nasahihisha kalenda pembeni ya kitanda chake, naruka kurasa, na mama akaniuliza huyo Iskandar ninayemsoma ni nani. Nikamweleza. Mama akamtazama baba, akayasema. Baba akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa hajacheka siku nne. Tarehe tisa Septemba ilikuwa tupu, haina msemo, na kiwandani walikuwa wanaisubiri. Nikaandika. Kila msemo lazima uwe na mwenyewe chini. Ningeandika nini? "Mama, huku akikamua kitambaa"? Nikaandika Mwanahekima wa kale. Nikagonga. Kile kijikaratasi nikakipeleka kiwandani, kikaishia koponi; karatasi ya majaribio ilipotoka nikaigonga nayo, nikaja kuwasomea, nikampa mama. Siku kumi na moja baadaye tulimzika baba.

"Mwanahekima wa kale," mama akasema, akiisoma kwa kidole. "Kale yako mwenyewe. Wakati ule nilikuwa na meno yote."

Kisha akanitazama. Akaniuliza huyo bwana wa kurasa ninayetaka afukuzwe kafanya nini hasa. Nikaanza kuzipanga soksi za baba.

"Nyani haoni kundule," akasema, akarudi kukunja nguo.

Jumatatu, 11 Machi

Sikwenda kazini. Nimewaambia tumbo. Tumbo!

Uongo wa pili huo. Wa kwanza una miaka kumi na tisa na unafundishwa darasa la sita.

Jumanne, 12 Machi

Nilimsubiri Kobe getini kabla hajaingia. Nikamwambia nimetafuta vizuri.

Hakufurahi, wala hakushangaa. Tulikwenda mezani kwake. Akafungua droo, akatoa bahasha, ndani yake ile karatasi ya kijazio. Mwandiko wangu wa haraka, muhuri wangu, na tundu mbili za pini. Kaitoa kwenye faili Jumatano asubuhi, aliposikia nimeomba ufunguo wa stoo.

Nikamuuliza kwa nini. Akazungumza taratibu, kama anavyofanya kila kitu. Anasema wakati anapanga kile kitabu, ukurasa wa arobaini na nane ulipungua. Akachukua ya juu koponi, ina muhuri, basi. Ila yeye hapendi "wa kale" bila jina, akaja kuniuliza mwanahekima huyo ni nani. Ilikuwa wiki ya kwanza nimerudi kutoka msibani. Anasema nilianza kulia palepale, nikatoka nje, na hakuniuliza tena.

Sikumbuki. Wallahi sikumbuki.

"Mtu hakumbushwi msiba wake," akasema. "Nilijua ukitafuta utafika mwenyewe."

Na mbele ya Bosi je, alinyamaza kwa nini? Akasema yeye imebaki miaka miwili, mimi imebaki kumi na minne. Bosi anataka mtu mmoja. Hesabu ni rahisi.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira upya, na hii ya leo inazidi zote. Nani kamwomba huo wema? Nani kamwambia mimi nitembee miaka kumi na minne nikigonga muhuri juu ya mgongo wake? Nikamwambia Ijumaa alete ile karatasi. Akasema karatasi yake, bahasha yake, droo yake. Akafunga kwa ufunguo. Kobe kaingia gambani, hatoki!

Jumatano, 13 Machi

Daktari kaja na suluhisho. Kaja na tai. Anasema msemo umeshaenea mno kuondolewa, watoto wataumia, ubaki palepale namba sitini na moja, chini yake tuandike "kwa mujibu wa mapokeo". Bosi kakubali kwa kichwa. Na yule mpanga kurasa aondoke, ili gazeti lijue kiwanda kimechukua hatua.

Yaani uongo ubaki na mtu aondoke! Nimeuliza kwa sauti kama nimesikia sawasawa. Bosi akasema lakini Sindano, wewe ndiye uliyeandika barua. Akaisoma kipande. "Mtu wa namna hii hafai kukaa karibu na kitabu cha mtoto." Nimeandika mimi hayo. Na hakuna hata neno la kusahihisha.

Nilitaka kusema palepale. Mdomo ulifunguka. Nikaomba maji.

Jioni mama kapiga simu. Keshawaambia wote kwenye foleni ya zahanati, chini ya ile picha ya chandarua, kwamba maneno yale ni yake, na hakuna aliyemwamini. Muuguzi alimwambia bibi, pumzika. Sasa anataka kujua kwenye kitabu kipya wataandikaje. Hataki Mwanahekima wa kale. Anataka jina lake lote, na la baba, na kwamba baba alicheka.

Nikamwambia mama, siyo hivyo, kuna mtu atafukuzwa, na mtu huyo huenda nikawa mimi. Akauliza Ijumaa ni saa ngapi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeandika barua ya kukiri. Nimeisahihisha mara nne. Mara ya tatu nilijikuta nabadilisha "nilitunga" kuwa "ilitungwa". Aibu gani hii! Nimeirudisha. Nilitunga jina la msemaji. Niligonga muhuri. Nikamsingizia mwenzangu.

Ushahidi sina. Karatasi ya Kobe iko kwenye droo yake, imefungwa. Karatasi ya mama iko kwenye droo yake, imeganda na gundi. Nilijaribu kuibandua Jumapili kwa kisu cha siagi, ikaanza kuchanika kwenye "dunia", nikaacha. Nina neno langu tu. Na mtu aliyefundisha kiwanda kizima kwamba neno la mtu siyo chanzo ni nani? Ni mimi.

Naogopa. Naandika hivyo hapa kwa sababu hapasomwi na mtu. Wataninyang'anya muhuri. Mezani kwangu hakuna kitu kingine. Nikiangalia zile kurasa zote za miaka ishirini na miwili, najiuliza ngapi nyingine nilizigonga huku macho yako kwingine.

Mkewe Kobe kapita ofisini leo kumletea mumewe miwani aliyoisahau. Kanisalimia kama siku zote. Kaniuliza mama hajambo. Hajui kitu, mume hajamwambia.

Ijumaa, 15 Machi

Saa tatu kasoro. Niko kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango wa Bosi. Naandika mapajani.

Kobe kaingia kwanza, kavaa koti. Daktari yumo humo, nasikia kikohozi chake. Katibu anapiga chapa na kunitazama kwa jicho moja. Barua yangu iko mkononi, imelowa kwenye kona.

Mama amefika!

Sikumwita. Kavaa gauni lake la harusi za watu, na mlinzi wa geti yuko nyuma yake kambebea kitu kimefungwa shuka. Kakiweka kwenye benchi. Kikalia ko! Nikafunua pembeni.

Droo. Kaja na droo nzima! Kaing'oa kabatini, kaja nayo kwa teksi. Soksi za baba bado zimo.

Nikamwambia mama, jamani, hata soksi? Akasema hakuwa na muda wa kupanga vitu vya watu. Akauliza kama wameshaanza. Nikamwambia wameanza, tuseme polepole, mlango huu ni mwembamba.

Ni mwembamba kweli. Bosi anauliza. Kimya. Bosi anauliza tena, mara ya mwisho, huu msemo aliutoa wapi.

"Niliutunga mimi," Kobe anasema.

Mama kageuza kichwa.

"Kautunga nani?"

Nimemshika mkono. Kautoa. Kasimama, anavuta shuka. Katibu anauliza bibi ni nani na ana miadi na nani.

"Mwambie Mwanahekima wa kale amefika."

Katibu kanyanyuka, hajui acheke au aite mlinzi. Mama anajaribu kuinua droo peke yake, hawezi, wembe wa baba umeteleza mpaka pembeni na karatasi inaonekana yote, muhuri unaonekana. Ananiambia nishike upande wa pili. Inahitaji mikono yangu yote miwili.